Uzi: Mtambo wa kuchimba handaki uliokwama chini ya Seattle, na kwa nini tuulizie ardhi kabla ya kuusifu mtambo

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila inapowekwa humu picha ya mtambo mkubwa, mjadala huelekea moja kwa moja kwenye nguvu zake: una uzito gani, umegharimu kiasi gani, umetengenezwa na nani. Kwa kuwa kazi yangu ya miaka mingi ni uchunguzi wa udongo kwa ajili ya barabara na madaraja, naomba niulete mjadala huu kwa upande wa kile kilicho chini ya mtambo na mbele yake. Naamini kwamba mtambo hufanikiwa pale unapokuwa umebuniwa kwa ajili ya ardhi ileile utakayokutana nayo, na kwamba kadiri unavyokuwa mkubwa ndivyo kila tusichokijua kuhusu ardhi hiyo kinavyozidi kuwa ghali. Sijaona mfano unaoonyesha jambo hili vizuri kuliko ule wa Seattle, katika jimbo la Washington nchini Marekani.

Jiji hilo lilikuwa na barabara ya juu iliyopita kando ya bahari, Alaskan Way Viaduct, ambayo sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1953. Tarehe 28 Februari 2001 lilipita tetemeko la ardhi la ukubwa wa 6.8 ambalo liliidhoofisha barabara hiyo, na baada ya miaka mingi ya mabishano ikaamuliwa kwamba magari yapelekwe chini ya ardhi katika handaki la kilomita 2.8, lenye ghorofa mbili za barabara, njia mbili juu na mbili chini. Handaki moja la kubeba njia zote nne lilihitaji kipenyo ambacho hakuna mtambo wa aina hiyo uliokuwa umewahi kukichimba. Kampuni ya Hitachi Zosen ya Japani ikatengeneza huko Osaka mtambo wenye kichwa cha kipenyo cha mita 17.5, urefu wa karibu mita 100 na uzito wa zaidi ya tani 6,000, kwa bei ya dola milioni 80. Ulifika Seattle kwa meli mwezi Aprili 2013 ukiwa katika vipande 41, ukaunganishwa ndani ya shimo la kuanzia, na ukapewa jina la Bertha kwa heshima ya Bertha Knight Landes, mwanamke aliyekuwa meya wa jiji hilo katika miaka ya 1920.

Niueleze kidogo utendaji wake, kwa sababu bila hilo kilichotokea hakitaeleweka. Mbele kuna kichwa cha duara chenye meno ya chuma, kinachozunguka polepole sana. Udongo uliokatwa hupita kwenye matundu ya kichwa hicho na kuingia katika chumba kilicho nyuma yake, ambamo huchanganywa na povu na maji hadi ulainike, kisha parafujo kubwa huuvuta na kuumwaga juu ya mkanda unaoupeleka nje. Udongo unaobaki ndani ya chumba una kazi muhimu kuliko zote, kwa kuwa ndio unaosukumana na ardhi iliyo mbele ili isiporomoke. Opereta akiutoa upesi kupita kiasi, ardhi ya juu inatitia pamoja na majengo yake. Akiutoa polepole mno, kichwa kinaziba na kupata moto. Nyuma ya hapo kuna jeki za haidroliki zinazosukuma mtambo wote mbele kwa kukanyaga pete ya zege ambayo mtambo wenyewe umeshaifunga, na baada ya kila hatua inafungwa pete nyingine. Handaki la Seattle lina pete zaidi ya 1,400 za namna hiyo.

Kichwa kizima hubebwa na beringi kuu, na beringi hiyo hulindwa na sili zinazozuia mchanga na maji visiingie kwenye grisi. Fundi yeyote wa gereji anajua hatima ya gurudumu ambalo sili yake imepasuka. Tofauti ni kwamba gurudumu la gari unalifungua siku hiyohiyo, ilhali beringi hii ilikuwa chini ya jiji, ndani ya udongo uliojaa maji.

Bertha ilianza kuchimba mwishoni mwa Julai 2013. Mapema mwezi Desemba vipande vya bomba la chuma vikaanza kutokea, na tarehe 6 mwezi huo mtambo ukasimama, ukiwa umekwenda takriban mita 300 tu kati ya zile 2,800. Ulijaribiwa tena mwishoni mwa Januari 2014, lakini joto lilipanda kupita kiasi, na uchunguzi ukaonyesha kwamba matundu ya kichwa yalikuwa yameziba na sili za beringi kuu zilikuwa zimeharibika.

Bomba lile lilikuwa la kipenyo cha inchi 8, na lilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 30. Naomba wakuu mzingatie lilikotoka, kwa maana linatuhusu sana sisi wa upande wa udongo. Halikuwa bomba la kale lililosahauliwa na wakoloni wala mabaki ya meli. Lilikuwa kesing, yaani bomba la kushikilia kuta, ya kisima cha majaribio kilichochimbwa mwaka 2002 na mamlaka ya barabara ya jimbo, kwa lengo la kujua maji ya chini ya ardhi yanavyokwenda katika eneo hilohilo la mradi. Uchunguzi ulifanyika, takwimu zikachukuliwa, na chuma kikabaki ardhini, kikiwa kimesimama wima katika njia ambayo baadaye ilichaguliwa kuwa ya handaki.

Kwa wasiojua kazi hii, uchunguzi wa ardhi hauna mvuto wowote wa kupigwa picha. Kuna mashine ndogo ya kutoboa yenye miguu mitatu, nyundo ya kilo 63.5 inayoangushwa kutoka kimo cha sentimita 76, na kijana aliyeshika daftari anayehesabu ni mapigo mangapi yamehitajika ili bomba la sampuli lizame sentimita 30. Akipata mapigo manne anaandika manne, akipata hamsini bila bomba kuzama anaandika hivyo, kisha wanashuka mita moja na nusu na kurudia. Sampuli inayotoka inafungwa kwenye mfuko na kuandikwa kina chake kwa kalamu ya wino usiofutika. Ni kazi ya jua kali na tope, na mara nyingi mwajiri anaiona kama gharama ya kupunguzwa. Lakini kila tarakimu iliyo ndani ya daftari hilo ndiyo inayomwambia mbunifu wa mtambo matundu ya kichwa yawe mapana kiasi gani, meno yawe ya aina gani, na sili zistahimili shinikizo la kiasi gani.

Uokoaji nao ulihitaji mtambo mwingine mkubwa. Wakandarasi walichimba mbele ya Bertha shimo la duara lenye kina cha mita 37 hivi na upana wa mita 24, likiwa limezungukwa na nguzo za zege zilizopandwa kwa kugusana. Mwezi Februari 2015 Bertha ikajikokota kwa nguvu zake zilizobaki, ikatoboa ukuta wa shimo hilo na kutokeza ndani. Juu ya shimo ikajengwa fremu ya kunyanyulia ya kampuni ya Mammoet ya Uholanzi, na mwishoni mwa Machi kichwa pamoja na mfumo wake wa kuzungusha, mzigo wa takriban tani 1,800, kikapandishwa taratibu hadi juu na kulazwa chini. Mafundi wakabadilisha beringi na sili, wakaongeza vyuma vya kuimarisha na kupanua matundu ya kupitishia udongo. Uchimbaji ulianza tena tarehe 22 Desemba 2015, yaani zaidi ya miaka miwili baada ya kukwama.

Hata shimo la uokoaji lilikumbusha kwamba ardhi ya jiji ni kitu kimoja kilichoshikana. Ili lichimbike, maji ya chini yalipaswa kupampiwa, na maji yalipopungua udongo ukashuka, kiasi kwamba mwishoni mwa 2014 ilionekana kuwa barabara ya juu iliyo karibu ilikuwa imedidimia kwa takriban sentimita 3.

Handaki lilitoboka upande wa pili tarehe 4 Aprili 2017 na kufunguliwa kwa magari Februari 2019, ilhali mpango wa awali ulikuwa likamilike mwishoni mwa 2015. Naukaribisha mjadala, hasa kwa wakuu waliowahi kufanya kazi kwenye miradi ya mahandaki au ya usafirishaji wa mizigo mizito.

#2 – Mchangiaji, Mbeya

Asante sana mkuu kwa uzi wenye maelezo ya kutosha. Nina swali moja la mtu asiye mhandisi. Mtambo ulipokwama ukiwa umekwenda mita 300 tu, kwa nini hawakuurudisha nyuma kwa njia uliyojia, ukatengenezwe nje kwa nafasi, badala ya kuchimba shimo la mita 37 katikati ya jiji?

#3 – Mleta uzi

Swali zuri, ndugu yangu. Mtambo wa aina hii hauna njia ya kurudi, kwa sababu unajifungia mlango nyuma yake kila unaposonga. Kichwa hukata tundu la mita 17.5, lakini pete za zege hufungwa ndani ya ganda la chuma la mtambo, na kwa hiyo kipenyo cha nje cha pete ni kidogo kuliko cha kichwa. Nafasi inayobaki kati ya pete na ardhi hujazwa chokaa maalumu ya saruji inayoganda. Kuurudisha nyuma kungehitaji kubomoa kila pete iliyofungwa, na ukibomoa pete chini ya maji na mchanga unaiangusha ardhi ya juu pamoja na kilicho juu yake. Kufungua beringi kutokea ndani nako kulikuwa kugumu, kwa kuwa vipande vyake ni vikubwa kuliko nafasi iliyopo. Njia iliyobaki ilikuwa kwenda juu.

Jambo hili huwa linaamua mambo mengi kabla hata mtambo haujaagizwa. Mbunifu anapaswa kujiuliza mapema ni wapi katika njia nzima patafaa kuchimba shimo la dharura, na ni wapi ambapo haiwezekani kabisa kwa sababu juu kuna jengo. Bertha ilikuwa na bahati ya kukwama kabla haijaingia chini ya majengo ya katikati ya jiji. Ingekwama mita mia chache mbele, sijui kama leo tungekuwa na handaki la kuzungumzia.

#4 – Mchangiaji, Nairobi

Nimesoma kwa makini na ninaheshimu hoja yako, lakini naomba nikupinge sehemu moja. Umelipa lile bomba uzito mkubwa mno. Shauri lilifika mahakamani, na mwezi Desemba 2019 baraza la wazee wa mahakama katika jimbo la Washington lilikataa dai la mkandarasi kwamba bomba lilikuwa jambo asilotarajia, likaamua ailipe serikali ya jimbo dola milioni 57.2 kwa ucheleweshaji. Bomba lilikuwa limetajwa katika nyaraka za mradi. Upande wa serikali ulishikilia kwamba tatizo lilikuwa la mtambo wenyewe na namna ulivyoendeshwa. Kwa hiyo ardhi haikuwa na kosa hapa, na si haki kuibebesha lawama ya mtambo.

#5 – Mleta uzi

Umesema kweli kuhusu hukumu, na nashukuru kwamba umeileta kwa ukamilifu wake. Hoja yangu haitegemei bomba peke yake, na ndiyo maana niliandika pia juu ya matundu yaliyoziba na sili zilizoharibika.

Tazama kile mafundi walichobadilisha baada ya kichwa kunyanyuliwa. Hawakutosheka na kuweka beringi mpya ya aina ileile na kuendelea. Walipanua matundu ili udongo upite bila kuganda, wakabadilisha mpangilio wa sili, wakaongeza chuma ili kuzuia mwili wa mtambo usijikunje. Mabadiliko hayo yote yanazungumza habari moja, nayo ni kwamba mtambo wa kwanza haukulingana na udongo wa Seattle, ambao ni mchanganyiko wa mchanga, kokoto, mfinyanzi na mawe yaliyoachwa na barafu ya kale, huku karibu na bahari kukiwa na kifusi kilichomwagwa na watu walipokuwa wakipanua jiji. Mtambo huohuo, baada ya kurekebishwa, ulimaliza zaidi ya kilomita 2 zilizobaki kwa miezi kumi na mitano hivi, ukiwamo mwezi mmoja na zaidi ambao serikali iliusimamisha baada ya shimo kufumuka juu ya ardhi Januari 2016. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei mwaka huo ulipita chini ya ileile barabara ya juu iliyodhoofika. Barabara ilifungwa kwa kipindi kilichopangwa kuwa cha wiki mbili, na ikafunguliwa mapema kuliko ilivyotarajiwa.

Kuhusu bomba kuwamo kwenye nyaraka, kwangu mimi hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Taarifa ilikuwapo. Kuna mtu aliyekichimba kisima, akakiandika na kukihifadhi mahali pake. Kilichokosekana ni mtu wa kuichukua karatasi hiyo, kuilaza juu ya mchoro wa njia ya handaki, na kusema kwamba hapa kuna chuma, kiondolewe kwanza. Ni kazi ya asubuhi moja. Nimeona ripoti nzuri za udongo zikigeuzwa kiambatisho namba tisa ambacho hakuna anayekifungua hadi siku nguzo inapotitia.

#6 – Mchangiaji, Dar es Salaam

Mimi niko upande wa usafirishaji wa mizigo isiyo ya kawaida, na nathibitisha kwamba hata juu ya ardhi mambo ni hayohayo. Watu wakiona transfoma kubwa inatoka bandarini ikiwa juu ya trela lenye ekseli zisizohesabika, wanadhani ekseli nyingi zimewekwa kwa ajili ya nguvu. Zimewekwa ili kuugawa uzito, kila tairi lishike sehemu ndogo ambayo lami na kalavati vinaweza kuivumilia. Kabla ya safari, kuna watu wanaoipita njia yote kwa miguu, wanainama chini ya kila kalavati na kutazama kama zege limepasuka na kama nondo zimeanza kuonekana. Wanaandika na nyaya za umeme zinazoning'inia. Safari yenyewe inaweza kuwa ya usiku mmoja, lakini ukaguzi ukachukua wiki kadhaa.

Mfano mkubwa kabisa ninaoujua ni wa Ujerumani, mwaka 2001. Bagger 288, mashine ya kuchimba makaa ya mawe iliyotengenezwa na Krupp na yenye uzito wa tani 13,500, ilihamishwa kutoka mgodi wa Hambach hadi Garzweiler, umbali wa takriban kilomita 22. Kuifungua vipandevipande kungegharimu zaidi, wakaamua itembee yenyewe kwa minyororo yake. Safari ilichukua wiki tatu. Ilivuka barabara kuu ya Autobahn, reli na mto Erft. Kule mtoni waliweka mabomba makubwa ya chuma ili maji yaendelee kupita, kisha wakajaza mawe na kokoto juu yake hadi pakawa na njia, na kwenye mashamba wakaotesha majani maalumu ili kuilinda ardhi. Kila mnyororo una upana wa karibu mita 4, na kwa sababu hiyo shinikizo linaloifikia ardhi ni dogo kuliko mtu anavyodhani anapousikia ule uzito. Waliotajwa kwenye magazeti walikuwa waendesha mashine, lakini walioimaliza kazi ile ni wale waliotandika kokoto mbele yake.

#7 – Mchangiaji, Dodoma

Naomba niongeze jirani zetu wa Ethiopia, kwa kuwa mfano wao uko karibu nasi. Mradi wa umeme wa Gilgel Gibe II ulitegemea handaki la kilomita 26 la kupitisha maji. Mwaka 2006 mtambo ulikutana na eneo bovu ndani ya mlima, tope lenye shinikizo kubwa likausukuma mtambo nyuma na kuuharibu, ikabidi ichimbwe njia ya pembeni ya kuikwepa sehemu hiyo. Mradi ulizinduliwa Januari 2010, na siku chache tu baada ya uzinduzi sehemu ya handaki ikaporomoka. Chini ya mlima uliojaa mwamba wenye nyufa, visima vya uchunguzi haviwezi kutobolewa kila mita mia.

Swali langu kwa mleta uzi: sisi kwenye reli ya kisasa pale Kilosa tuna mahandaki manne. Kwa nini hayakuchimbwa kwa mitambo ya aina hii?

#8 – Mleta uzi

Mkuu wa Dar es Salaam, mchango wako nimeuhifadhi, hasa hilo la kuinama chini ya makalavati.

Mkuu wa Dodoma, mfano wa Gibe II unastahili uzi wake. Umegusa ukomo wa kazi yetu: chini ya mlima mrefu kisima kimoja kinaweza kwenda kina cha mamia ya mita na bado kikaonyesha upana wa kiganja tu wa mwamba. Ndiyo maana katika milima huwa natetea kutoboa tundu jembamba la kupima kutoka ndani ya mtambo kwenda mbele, kila baada ya hatua kadhaa, hata kama mkandarasi analalamika kwamba linapunguza kasi.

Kuhusu Kilosa, jibu liko kwenye urefu. Mahandaki yale kwa jumla yana takriban kilomita 2.6, na refu kuliko yote lina kama kilomita 1. Mtambo huagizwa kwa kipenyo maalumu, husubiriwa kiwandani kwa mwaka mzima au zaidi, husafirishwa vipandevipande na kuunganishwa kwenye eneo la kazi, na gharama hiyo yote hugawanywa kwa mita zitakazochimbwa. Kwa kilomita 1 ya mwamba, ni nafuu zaidi kutoboa, kulipua kwa baruti, kuondoa mawe, kupiga bolti na kunyunyiza zege, kisha kurudia. Njia hiyo ina faida nyingine ninayoithamini sana: baada ya kila mlipuko mhandisi anautazama mwamba uso kwa uso, anaona nyufa zake na maji yake, na anaweza kubadilisha idadi ya bolti siku hiyohiyo. Ndani ya mtambo kama Bertha mwamba hauonekani. Unausoma kupitia joto, shinikizo na uzito wa udongo unaopita kwenye mkanda.

Na kwa anayedhani kwamba mtambo ukinunuliwa unabaki kuwa mali ya kutumia miradi mingine, Bertha yenyewe ilipofika mwisho wa njia yake mwaka 2017 ilikatwakatwa ndani ya shimo la kupokelea na chuma chake kwenda kuyeyushwa. Hakukuwa na handaki jingine la kipenyo chake lililokuwa likiisubiri.

Ikiwa kuna mkuu aliyefanya kazi kwenye uchimbaji wa Kilosa, namwomba atuelezee hali ya mwamba waliyokutana nayo, na kama ililingana na visima vya uchunguzi vya mwanzo.